Kiroba kimeandikwa kilo 5, bamdogo kaniambia nifunge 4.8

Shangazi shkamoo,

Naomba jina langu usiliweke maana huku Uyole watu tunajuana, ukitaja tu rangi ya kiroba kila mtu keshajua ni mashine ya nani. Mimi ni binti wa miaka 26, kwetu Tukuyu. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, bamdogo akanichukua hapa Mbeya, kanisomesha mpaka fom foo na nilipomaliza akanipa kazi kwenye mashine yake. Anakoboa na kusaga sembe, tunafunga viroba vya kilo 5, kilo 10 na 25, tunasambaza Soweto, Mwanjelwa, Ilomba mpaka Mbalizi kule. Kazi yangu ni mizani. Unga unashuka, mimi napima, kijana mwenzangu anashona mdomo wa kiroba, unapangwa, basi.

Shida ilianza mwezi wa tatu mahindi yalivyopanda bei. Kuna jamaa mwingine wa mashine akawa anauza kiroba cha kilo 5 chini yetu kwa shilingi mia tano, maduka yakaanza kutukimbia. Siku moja asubuhi bamdogo kaja na kipande cha karatasi kaandika 4.80 kwa kalamu ya wino, kakibandika kwa solotepu chini ya kioo cha mizani, akasema "mwanangu kuanzia leo ukifika hapa unasimama". Nikamuuliza mbona kiroba kimeandikwa kilo 5, akasema jamaa wote wanafanya hivyo, halafu unga unakauka ukikaa dukani kwahiyo hata ungeweka tano kamili ukifika kwa mteja sio tano tena, sasa tunajisumbua nini. Nikanyamaza Shangazi. Tunafunga viroba vidogo kama 400 kwa siku.

Mwezi uliopita kaja mama mmoja ana mgahawa Mwanjelwa, anachukua kwetu viroba kumi kila wiki. Huyu mama hakuja na habari za mizani, kasema yeye kiroba kimoja miaka yote anatoa sahani 25 za ugali, kipimo chake ni bakuli lilelile, sasa hivi anatoa 24 na mpishi kashamtuhumu anaiba unga mpaka kamfukuza. Aliposhtuka akabeba kiroba hakijafunguliwa akaenda kwa muuza nyama jirani yake kikasoma 4.83. Bamdogo akacheka akamwambia mizani ya bucha ndo mbovu, akampa kiroba cha bure, mama akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na unga mpaka kwenye kope, nikashindwa kumwangalia. Yule mpishi aliyefukuzwa simjui lakini namuwaza kila siku.

Sasa Jumatano iliyopita mwenye duka mmoja Soweto kapiga simu, watu wa vipimo wamepita, wamechukua viroba vyetu kadhaa wakapima palepale, wakaandika namba ya simu iliyo kwenye kiroba. Bamdogo anasema hao ni wale wale wa TBS wanataka tu hela ya chai, na sisi mizani yetu ina stika mpya ya mwaka huu kwahiyo hawana cha kutufanya. Kweli stika ipo, ipo sentimita mbili tu kutoka kwenye kile kikaratasi chake.

Shangazi naogopa. Naweza kufungwa mimi niliyekuwa nakaa kwenye mizani? Nikisema hapana nafukuzwa kazi na nyumbani pia maana nakaa kwake. Na huyu ndiye baba yangu niliyebaki naye, ana roho nzuri, ada za watoto wa watu analipa. Kinachonishangaza zaidi yeye mwenyewe ana shamba la viazi Isongole na kila msimu anagombana na madalali kuhusu lumbesa mpaka presha inapanda. Nifanyeje?

Mpima Unga, Mbeya

*

Marhaba mwanangu Mpima Unga,

Barua yako nimeisoma mara mbili na nilipofika kwenye kikaratasi nikaweka simu chini. Nitakwambia kwanini hicho kikaratasi ndio kitu kibaya kuliko vyote ulivyoniandikia, lakini kwanza nitoe uvivu kwenye hii ya TBS na stika maana bamdogo wako amechanganya mafaili.

TBS ni ubora na usalama wa bidhaa, na tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yaliyokuwa TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, yakahamia kwao. Uzito ni nyumba nyingine kabisa, Wakala wa Vipimo, ulianzishwa 2002, uko chini ya wizara ya viwanda na biashara na wanafanya kazi kwa Sheria ya Vipimo, Sura 340. Hao ndio waliopita Soweto. Na stika waliyoibandika kwenye mizani yenu inasema kitu kimoja tu, kwamba hiyo mizani inasema kweli. Na ni kweli inasema kweli! Inasoma 4.80 na ndani kuna 4.80. Anayedanganya ni kiroba. Kwahiyo hiyo stika haimkingi, tena inamchongea, maana kesho ofisa akiuliza "labda mizani ilikuwa mbovu" jibu lipo hapohapo limebandikwa na serikali yenyewe kwamba mizani ilikuwa nzima.

Sasa nikufahamishe wanavyopima ili uache kuota ndoto mbaya na uanze kuogopa kitu sahihi. Hakuna anayetegemea kila kiroba kiwe na gramu 5,000 kamili, unga sio sarafu. Kuna shirika la kimataifa la vipimo linaitwa OIML, lipo Paris tangu 1955 na Tanzania ni mwanachama, mwongozo wao wa bidhaa zilizofungashwa ni R 87. Humo pakiti ya kilo 1 mpaka 10 inavumiliwa kupungua asilimia 1.5. Kwa kiroba cha kilo 5 hiyo ni gramu 75, kwa cha kilo 10 ni gramu 150, cha kilo 25 ni gramu 250 maana huko juu asilimia inashuka kuwa moja. Lakini subiri usishangilie, hiyo ni kwa viroba vichache tu vilivyoteleza. Wanachukua viroba vingi kutoka kwenye mzigo mmoja bila kuchagua, wanatoa uzito wa mfuko mtupu, halafu wanatafuta wastani, na wastani wa mzigo wote unatakiwa usiwe chini ya kilichoandikwa. Wengine juu kidogo wengine chini kidogo, sawa. Wote chini, hapana. Na kiroba kilichopungua zaidi ya mara mbili ya ule uvumilivu, yaani zaidi ya gramu 150 kwa kilo 5, hakitakiwi hata kimoja.

Chenu kinapungua 200. Vyote.

Umeelewa sasa kwanini nasema habari ya kikaratasi? Mtu aliyekosea anakuwa na viroba vinavyocheza, hiki 4.97, hiki 5.04, hiki 4.92 kijana alikuwa anaongea na simu. Nyie viroba vyenu vimejipanga kwenye 4.80 kama wanajeshi. Ofisa yeyote akiona namba zimejipanga vile hahitaji hata kuja Uyole kujua kuna mtu kaamua, na akija akakuta mwandiko wa mwenye mashine chini ya kioo, hapo hakuna tena stori ya bahati mbaya.

Na uzito huo anaoupima ni wa unga peke yake. Hujaniambia kama mnapima na mfuko juu ya mizani au mnaondoa kwanza. Kama mfuko upo basi mnapunguza zaidi ya mnavyofikiri. Tafadhali leo jioni chukua viroba kumi vitupu uvipime pamoja ugawe kwa kumi, hiyo hesabu utaihitaji.

Twende kwenye unga unakauka, maana hii hoja nimeisikia mpaka kwa watu wenye elimu zao. Ni kweli unakauka. Nyie mnaokoboa mnaloweka mahindi kidogo ili ganda litoke vizuri, unga unashuka wa moto, una mvuke, na mifuko ile ya kusuka inapumua. Na Mbeya hii ikifika mwezi wa sita mpaka wa kumi ule upepo mkavu wa baridi unakausha mpaka midomo ya watu. Tuseme umefunga kilo 5 zenye unyevu asilimia 14, ukikaa dukani ukashuka mpaka 12, unabaki na kama kilo 4.886, gramu 114 zimeenda na upepo. Sio kidogo hata kidogo, hiyo imeshapita zile 75. Lakini mwanangu angalia hoja inaelekea wapi. Kama unajua kitu kitapungua njiani unaongeza kabla hakijaondoka, huwezi kupunguza halafu ukaachia upepo nao upunguze wake! Mama wa Mwanjelwa ana 4.83 kwenye kiroba ambacho hakijakaa, kingekaa wiki tatu kingekuwa wapi? Mashine zenye akili zinaacha unga upoe kwanza kwenye turubai safi au kwenye tenki ndio wanapima, na wanaweka gramu kadhaa juu. Hiyo ni gharama ya kazi kama umeme.

Halafu piga hesabu ambayo nadhani bamdogo kaipiga na wewe hujaipiga. Gramu 200 mara viroba 400 ni kilo 80 kwa siku. Kilo 80 za sembe kila siku, mnauza na hamtoi. Kwa mama mmoja ni sahani moja ya ugali, anaona aibu hata kulalamika, na ndio maana mchezo huu unadumu, kila mtu anaibiwa kidogo kiasi cha kutokwenda popote. Ila yule mpishi hakuibiwa kidogo, yule kapoteza kazi.

Niseme na langu, nisije nikaonekana malaika. Miaka ile nina kiduka Kihesa, Iringa, nilikuwa na mizani ya mawe, jiwe la nusu kilo lilikuwa limeliwa pembeni sijui na nini, nikalitumia hivyohivyo karibu mwaka mzima nauza sukari. Nilijua. Sikupunguza kwa mkono, nililiacha tu lifanye kazi. Alikuja ofisa akaliweka pembeni ya jiwe lake, akaniangalia, mimi nikaanza kuongea haraka haraka. Nililipa faini. Kilichoniuma ni watoto wa jirani waliokuwa wanatumwa sukari nusu kilo kila asubuhi, walikuwa wamesimama pale mlangoni wanasikiliza.

Sasa swali lako, utafungwa? Sheria ya Vipimo ina faini na ina kifungo, na makosa mengi ya namna hii yanamalizwa kwa faini mtu akikiri, yasipomalizwa yanaenda mahakamani. Mzigo mkubwa uko kwa mwenye biashara, jina na simu kwenye kiroba ni zake. Lakini usikae ukijifariji na "mimi nilitumwa". Kuanzia siku ulipojua na mkono wako ukaendelea, kila kiroba ni chako pia. Nenda kwa msaidizi wa kisheria, wapo mikoani tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hawakulipishi, mweleze kama ulivyonieleza mimi kabla hujaongea na ofisa yeyote. Usiende kwa rafiki yako anayejua polisi.

Na kazi je. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema sio sababu halali kumfukuza mtu kwa kuwa amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa kisheria kumwagiza. Wewe umeshapita miezi sita kazini, unaguswa na hiyo, hata kama mkataba wenu ni wa mdomo tu. Akikufukuza una siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Najua, najua, nani anamshtaki baba yake CMA halafu jioni wanakula meza moja. Nakwambia ujue tu kuwa ardhi iko chini ya miguu yako, mtu anayejua ana pa kusimama anaongea tofauti.

Kuripoti mwenyewe unaweza, kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya 2015, na kama angekuwa mwajiri tu ningekwambia nenda kesho. Huyu kakulea. Na kwa maoni yangu, wengine watabisha, mtu aliyekulea anakudai nafasi moja ya kurekebisha kabla hujamfikisha kwa watu. Moja. Sio msimu mzima.

Usiende mikono mitupu na usiende mbele ya kijana wa kushona. Anza na mamdogo kama ndiye anayeshika daftari la mauzo, maana wanawake wa mashine wanajua hela inatoka wapi kabla hawajaambiwa. Halafu ongea na bamdogo jioni akishakula. Anza na viazi. Mwambie, "Baba, dalali akikujazia lumbesa Isongole, gunia la kilo mia akalitia kilemba mpaka likawa mia na thelathini akakulipa la mia, unamwitaje?" Mwache ajibu mwenyewe, atakuwa na maneno mengi, nawajua watu wa viazi. Sheria inayomkataza dalali kupitisha kilo mia kwenye gunia ndio hiyohiyo Sura 340 inayomsubiri kwenye kiroba, na watu wanaokuja kukagua ni walewale anaowalaumu kila msimu kwamba hawaji shambani. Ukishafika hapo toa daftari uonyeshe kilo 80. Usimwite mwizi, hesabu itamwita yenyewe.

Halafu mpe kazi ya kufanya, wanaume wa umri wake wakiaibika bila kupewa kazi wanageuka wakali. Kikaratasi kitoke, mbele yako. Viroba vilivyoko stoo vifunguliwe vipimwe upya. Vilivyoko madukani vifuatwe virudi, na hapa asifanye uchoyo, mwenye duka wa Soweto kaingizwa kwenye matatizo na mzigo ambao hakuufunga yeye. Kisha aende mwenyewe ofisi ya Wakala hapo Mbeya akasema viroba vyangu vilipungua, nimevirudisha, naomba mnielekeze kiwango cha kanuni kwa kilo 5, 10 na 25. Faini anaweza kulipa bado, ila mtu aliyekuja kwa miguu yake na aliyefuatwa na gari hawapokelewi sawa. Na asitoe "chai", tafadhali sana, hiyo ni kesi nyingine ya watu wengine.

Ushindani wa jamaa wa shilingi mia tano ni tatizo la kweli na sitaki kulidharau, mashine ndogo zinakufa hivi. Ila dawa yake ipo wazi, kama kilo 5 hailipi kwa bei hiyo panda bei, au funga kilo 2 uandike kilo 2. Na kama jamaa naye anafunga 4.8, nunua kiroba chake dukani, kipime kwenye mizani yenu yenye stika, na hilo ndilo jambo la kulipeleka kwa Wakala bila kusita.

Asipokubali? Basi Jumatatu usikae kwenye mizani. Omba kushona, omba kusambaza, omba kufagia, lakini mkono wako usirudi pale. Kama na hilo litaleta ugomvi, Tukuyu bado ipo na bibi yako nadhani bado ana chumba. Niandikie ukiwa huko, nina dada Iringa mjini anafunga karanga na anatafuta mtu anayejua mizani.

Na yule mama wa Mwanjelwa, usimsahau. Nenda mwenyewe, sio kwa simu, mwambie kiroba ndicho kilichopungua na sio mpishi. Muulize yule mpishi anakaa wapi.